Omena ya mama mkwe kwenye kompyuta

Yawa, hii imeli haiwezi kungoja: leo nimemweka mama mkwe pamoja na kuku!

Nilikuwa napanga hesabu za nyumbani kwenye kompyuta. Omena ya kuku na ile tunayokula, dagaa wale wale wa ziwani, zote nilikuwa nimeziandika "mboga".

Kumbe programu inaweza kubadilisha rekodi nyingi kwa mpigo! Nikachagua kila penye neno "omena", nikabonyeza.

Raha iliyoje! Zote zikawa "chakula cha kuku".

Hata ile "Omena kutoka Sindo, ya kumkaribisha Mama".

Na Mama mwenyewe, mwalimu mstaafu, amesimama nyuma yangu na chai yake, anasoma.

Wewe ungesema nini?

Akapiga funda moja.

"Sawa, mwanangu. Basi nitengenezee kiota, kesho nitataga."