Fahali Aliyekuwa na Homa

Fataki za harusi ya jirani zimeniletea harufu ya baruti, na mara niko zizini kwetu, enzi za Mjerumani. Daktari wa mifugo alitega sikio ubavuni mwa fahali wa babu, yule tuliyemwimbia kila jioni. Askari akatafsiri: "Mzee, ana homa ya mapafu. Lazima auawe."

"Homa hata mimi naisikia," babu akasema. "Hilo neno 'lazima' amelisikia wapi humo kifuani? Muulize."

Askari akacheka. "Nimuulize Bwana? Unataka nichapwe viboko, mzee wangu?"

"Muulize!"

Bunduki ikalia. Damu ya moto ya fahali ikanirukia mdomoni.

Chuoni nimelifundisha swali hilo la babu miaka mingi, kwa maneno marefu, mbele ya watu wasio na bunduki. Babu alibaki amemkazia macho askari, akingoja litafsiriwe.