Jina la Eruera Asubuhi ya Kilimia

Mereana hakuwahi kumpenda mkwewe. Alisema hivyo Eruera akiwa hai, akarudia siku ya kumzika, na ungemuuliza sokoni Wairoa, akikupimia samaki mkunga aliyekaushwa kwa moshi, angekwambia bila kushusha sauti. Mlevi, mvivu, na mwizi juu yake: aliiba jenereta ya nyumba ya ukoo akaiuza, kisha gari likamshinda barabarani pombe ikiwa kichwani, akafa.

Lakini alikuwa baba wa Kahu. Na Kahu, binti wa miaka tisa, analala chumba kimoja na bibi yake tangu mama mtu aende Australia kupikia watu wa migodini.

Kila majira ya baridi, Kilimia, lile kundi la nyota, kinaporudi angani baada ya kupotea, ukoo hupanda kilimani kabla ya jua na kufunua sufuria za chakula, kila moja na nyota yake, mvuke ukazilishe. Nyota moja ni ya wafu wa mwaka uliopita. Kwingine wazee ndio wanaowaita. Katika ukoo huu wanaita watoto: kila mtoto hupewa jina la marehemu, akalipaza, na watu wakaitikia, "Nenda." Baadaye ni kula, na tiara kurushwa mpaka vidole vife ganzi. Jina huitwa mwaka mmoja tu. Likikosa zamu yake, limekosa.

Mgawa majina ni Tamahou, kaka mkubwa wa Mereana. Siku mbili kabla, alikuja jikoni kwa dada yake, akanywa chai vikombe viwili ndipo akasema.

"Kahu nimempa bibi Ripeka wa Gisborne."

"Kahu hamjui Ripeka. Mimi mwenyewe namjua kwa mbali."

"Alikuwa mtu safi."

"Na baba yake?"

"Mdogo wangu, jina la mwizi halipandi kilimani. Watoto watajifunza nini?"

"Kwamba aliyekufa amekufa. Mbona baba yetu tulimwita? Au umewasahau wale kondoo wa jirani waliokuwa wakihamia zizini kwetu wenyewe?"

Tamahou akacheka, akajuta kucheka. "Hayo ya zamani."

"Kumbe wizi ukikaa sana unatakata."

"Nimeshasema." Akavaa kofia yake.

Mereana hakumfuata mlangoni. Alipofiwa na mume alianza na mtego mmoja wa mkunga, wa kuazima, na yote aliyonayo leo ameyapata kwa kubishana bei. Anajua kwamba ukimkimbilia mnunuzi anayeondoka, umeshapunguza.

Jioni ile Kahu aliuliza, "Bibi, baba nani atamwita?"

"Maliza chakula chako."

Hakumwahidi kitu. Huwa hauzi kisichokuwa mezani.

Asubuhi yenyewe nyasi zilikuwa zimeganda, zikivunjika chini ya viatu. Sufuria nne zilipangwa juu ya moto: viazi vitamu vya ardhini, samaki wa baharini, ndege wa angani, na mkunga wa maji baridi, ambaye kila mwaka huletwa na Mereana. Tamahou akaomba dua. Mfuniko wa kwanza ukainuliwa, wa pili, wa tatu. Mereana akaweka mkono juu ya mfuniko wake.

"Funua," Tamahou akasema.

"Bado."

"Shangazi, tunaganda huku," kijana mmoja akalalamika nyuma.

"Ganda. Mimi nina koti."

Tamahou akasogea, akanong'ona, "Unaniaibisha mbele za watu."

"Sitaki useme neno. Kahu akishamwita huyo Ripeka wako, wewe nyamaza tu, amwite na baba yake. Umpate wako, nimpate wangu. Hasara iko wapi?"

"Na nikikataa?"

"Basi nyota ya maji baridi hailishwi mwaka huu. Watu wakikuta mito mitupu, utawaeleza wewe."

Mashariki palianza kupauka. Kukipambazuka, nyota hazionekani tena, na Tamahou alilijua hilo kuliko wote.

"Unafanya biashara na nyota, Mereana?"

"Na wewe. Nyota hazijanikatalia kitu."

Tamahou akatazama juu, akatazama sufuria. Akarudi nyuma hatua moja, kimya. Kimya ndicho alichokuwa ameombwa, na Mereana akakipokea palepale: akainua mfuniko, mvuke ukapanda.

Kahu akamwita Ripeka kwa sauti ndogo. Watu wakaitikia. Kisha akamtazama bibi yake.

"Sasa," Mereana akasema.

"Eruera!" Sauti ikamkatika. Akajaribu tena. "Eruera, baba yangu!"

Hakuna aliyeitikia.

"Nenda," Mereana akasema peke yake, kwa sauti ileile ya sokoni, akiwageukia watu na mfuniko mkononi, akimkodolea macho mmoja baada ya mwingine. Yule kijana aliyelalamikia baridi akaitikia. Wakafuata wengine. Tamahou hakufungua mdomo.

Walipokuwa wakishuka, Kahu akiwa ameshatangulia mbio na tiara yake, Tamahou akamfikia dada yake.

"Mwakani mkunga nitaleta mimi."

"Lete," Mereana akasema. "Kwanza jifunze kumvua."