Lango la Mikono Miwili

Mtu wa delta hata ukimwamsha usingizini ukamuuliza maji yamefika wapi, atakwambia bila kufumbua macho. Ndiyo maana habari hii ya lango inatia hasira mpaka leo. Walijua. Wote walijua, na wakauchuna.

Wa kwanza kulaumiwa ni ustaarabu. Wageni wa mradi walitaka kuja kupima mahali pa kujenga lango kwenye tuta la mashamba ya mpunga, huko ndani kabla hujafika Kiongoroni, na siku aliipanga mwenyekiti wa kijiji, mzee Abdulswamadu. Akachagua siku za maji mafu, bahari inapokuwa mpole na maji hayapandi sana, ili wageni wasilowe viatu. Kule mgeni hatiwi matopeni. Mhandisi akasimamisha kipimo chake, akasoma mita moja, akauliza kama maji huwa yanafika hapo. Wakamjibu hapo hapo, bosi. Nani ambishie mgeni aliyekuja kuwajengea bure? Hakuna aliyetaja bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapofika mita mbili na kutaka kuruka tuta.

Maimuna siku hiyo hakuwepo. Alikuwa Kibiti, akifundisha fizikia sekondari kwa kujitolea, mwaka wa tatu huo, ajira anaisikia redioni tu. Aliporudi likizo kwa mama yake, Bi Mwamvua, alikuta lango limeshasimama na limepakwa rangi ya bluu. Lilikuwa bamba la chuma, upana mita mbili, bawaba zake chini, na kwa nyuma mikono miwili ya chuma ikilizuia lisilale maji ya chumvi yanapolisukuma. Mama mtu furaha haimkai. Mwaka huu, alisema, atapanda mbegu yote aliyonayo bondeni kabisa, karibu na lango, kule alikokuogopa tangu afiwe na mumewe.

Maimuna akaenda kutazama mikoko. Alama ya tope kwenye magome ilimpita kichwa. Akapima, akakaa juu ya tuta na daftari.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Maji hayasukumi sawasawa. Juu yanagusa tu, chini ndiko yanakokaza, maana ya chini yamebeba ya juu. Kina kikiwa mita moja, bamba lile linasukumwa na uzito wa tani moja. Kikiwa mita mbili, asiyejua atasema tani mbili, kumbe ni nne. Tena msukumo huo unahesabiwa kwenye theluthi ya kina kutoka chini, kwa hiyo kina kikiwa maradufu nao unapanda maradufu, unakuwa mbali zaidi na bawaba, na kadiri unavyokuwa mbali ndivyo unavyopindua zaidi. Nne mara mbili, nane. Mikono iliyopimiwa kazi moja ingebebeshwa kazi nane. Maimuna alirudia hesabu mara tatu akitafuta alipokosea. Alilitamani sana hilo kosa.

Akampelekea mwenyekiti, akamwomba amwite mhandisi aongeze mikono. Mzee alilitazama daftari kama kitu kinachonuka.

"Mwalimu," akasema, "maneno huumba. Usituumbie balaa."

Uongo mtupu. Kilichomtisha ni kumwambia mgeni kwamba siku ile walimdanganya. Maimuna akatafuta namba ya mhandisi, akapiga mwenyewe. Akajibiwa kwa upole kwamba vipimo vilichukuliwa mbele ya wenyeji, na mwenyekiti alitia saini. Nyumbani akambembeleza mama yake aweke akiba walau nusu ya mbegu. Bi Mwamvua akakasirika, kwa kuwa kisimani alishasemwa kwamba mwanawe analitilia shamba la watu mdomo mbaya. Akapanda yote.

Mwezi ukaandama mara mbili, maji yakaishia chini ya ile alama ya mikoko, na lango likastahimili, huku likilia. Mara ya tatu maji yalikuja makubwa. Baada ya Alasiri, watu wakiwa wamesimama juu ya tuta wanatazama, mikono ikapinda, wa kushoto kwanza, bamba likalala taratibu na bahari ikaingia shambani. Mpunga ulikuwa umefika magotini. Wiki moja baadaye ulikuwa na rangi ya majani ya chai. Bi Mwamvua alipita katikati yake akiung'oa shina moja moja na kuonja mizizi.

Ungedhani sasa watamfuata Maimuna wamwombe radhi. Thubutu! Walisema ndiye aliyelitamka, na kilichotamkwa kimeshaumbwa. Pengo likazibwa kwa magunia ya udongo, mvua ikaosha chumvi. Mbegu ya kuanzia upya walikuwa nayo wa nyumba za juu, na desturi ya pale ni aliyesalimika kumgawia jirani. Kwa Bi Mwamvua hakubisha hodi mtu. Mwishowe alikuja Sihaba, rafiki yake wa utotoni, kumweleza sharti: itasomwa dua, na Maimuna afute kauli yake mbele ya watu.

Maimuna, aliyekuwa amerudi tena kutoka Kibiti aliposikia habari za lango, alikataa siku mbili. Siku ya tatu mama yake akamwambia, bila kumtazama, "Mwanangu, mimi sili hesabu."

Basi akasimama mbele ya majamvi, yeye anayewafundisha watoto wa watu kwamba namba haipendelei mtu, akasema, "Hesabu yangu ilikuwa na kosa. Nisameheni." Wakaitikia amina. Jioni Sihaba akaleta debe zima la mbegu, wengine wakaja na vibaba. Bi Mwamvua akalia kwa furaha. Maimuna akaichukia furaha ile, kisha akajichukia mwenyewe kwa kuichukia.

Mhandisi alirudi baada ya wiki tatu kukagua uharibifu, Maimuna akiwa keshakwenda Kibiti. Akamuulizia yule mwalimu aliyempigia simu kubishia vipimo. Huenda kweli, alisema, alikuwa na hoja. Mzee Abdulswamadu akamwambia hilo lilishakwisha, mwalimu mwenyewe alikiri mbele ya kijiji kizima kuwa alikosea. Mhandisi akaandika hivyo.

Boti ilipoleta vyuma vipya, mpunga wa Bi Mwamvua ulikuwa umeshachipua bondeni palepale. Vyuma vilikuwa viwili, unene uleule.