Mgeni Aliyetaka Halua

Kaka yangu analea wazee kwa kazi, na jioni anaimba kwenye bendi ya metal, ule muziki wa magitaa mazito. Kuimba nimesema kwa heshima tu, ananguruma. Ameniambia mara mia kwamba muziki huo ulipata uzito wake baada ya mpiga gitaa mmoja, kibarua wa kiwandani, kukatwa ncha za vidole na mashine, akalegeza nyuzi zisimuumize. Husimulia kwa fahari, utadhani vidole vilikuwa vyake.

Mama ametoka Pemba. Huko mtu akinguruma kwa sauti isiyo yake, humkemei. Kichwani ana mgeni, yaani shetani, na mgeni huulizwa kwa adabu anataka nini. Alasiri moja, nyumbani kwetu Woolwich, London, kaka alikuwa chumbani akifanya mazoezi. Mama akasimama na chetezo cha udi nje ya mlango uliofungwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na nguo za kufua, nimebana kicheko.

"Karibu mgeni. Wataka nini kwa mwanangu?"

Mngurumo ukatoka ndani: "Halua!"

"Utapata. Na jengine?"

"Kahawa!"

"Basi mwachie mwanangu. Kama lazima ukae na mtu, kaa na mimi."

"Nimekubali."

Nilicheka mpaka nguo zikaniponyoka.

Wiki ya pili sauti ya mama ikaanza kukwama. Ya tatu ikazama kabisa. GP, daktari wetu wa mtaani, akamwandikia miadi ya kupimwa koo, na kaka akaacha kula. Mwishowe akapiga magoti mbele yake.

"Mama, ilikuwa mimi. I was just messing about. Hakuna shetani."

"Nilijua ni wewe," mama akanong'ona. "Shetani gani wa Pemba anaomba halua kwa lafudhi ya Kizungu? Nami nilikuwa nakutania."

Kaka hakucheka. "But I only said two things, Mama. Halua na kahawa. Then I put my headphones back on, sikusikia tena."

Mama akanitazama mimi, shahidi wake. Nilitamani ardhi inimeze. Lile neno la tatu, "Nimekubali," nililisikia vizuri. Lilitamkwa polepole, kwa matamshi ya Pemba, na kaka yangu, mzaliwa wa London, hata salamu humshinda bila kutia Kiingereza. Mjinga mimi nilikuwa nimesimama pale nikicheka.

Majibu ya vipimo yalikuja mazuri. Daktari alisema koo halina kitu, apumzike, asiseme sana. Ilikuwa habari ya kushukuru Mungu, na nilishukuru.

Leo alasiri kaka yuko kazini. Mama ananiita kutoka jikoni kwa sauti nene, iliyotulia, isiyo na haraka. Huenda anataka tu nimteremshie sufuria. Ndiye aliyenizaa. Ameniita mara tatu sasa, nami nimekaa kitandani, namwogopa mama yangu, sijaitika.