Mradi wa Kenton

Gari lilifika Kenton, hapa London, likiwa limelala juu ya lori. Mume wangu alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akalitazama, akauliza, "Hilo linapita tu, au linashuka hapa?"

Nikamwambia linashuka hapa.

"Mama watoto, una akili timamu kweli?"

Sikuwa nazo, lakini sikutaka kuulizwa na mtu mwenye soksi zilizotoboka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni nesi, miguu imevimba kwa zamu, na kitu cha mwisho nilichohitaji duniani kilikuwa sedani ya kifahari ya Kimarekani ya miaka ya sitini, iliyokaa miaka kibao kwenye banda la mtu huko Harrow bila kuguswa. Usukani kushoto. Kutu kila mahali. Paa linavuja, na chini ya zulia la nyuma ulikuwa umeota uyoga, tena si ule wa kula. Na refu, jamani! Tulilisukuma mbele ya nyumba, matako yakabaki njiani, majirani wakawa wanapita ubavu ubavu.

Aliyeniuzia alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Nairobi, na Kiswahili chake bado anacho. Mtu mkweli, sitamsema vibaya. Nilipomuuliza kama linawaka alicheka mpaka akakohoa. "Dada, hii si gari ya kuendesha. Hii ni project."

Project! Nililipenda neno lile. Nilirudi nalo nyumbani kwenye treni nikijiona mtu. Wenzangu wana zamu, mimi nina project.

Kosa langu ni kwamba Jumapili ile nilimpigia Baba simu Tanga, nikalitafsiri. "Baba, nimenunua mradi."

"Mradi!" Baba akapaza sauti, nikamsikia anawaambia waliokuwa barazani. "Mungu mkubwa! Mwanangu kafungua mradi London!"

Cheka tu, nami ningecheka. Kwetu mradi ni kuku. Mradi ni ng'ombe wawili wa maziwa, ni mashine ya kusaga, ni kitu kinachotaga au kinachokamuliwa. Hajazaliwa mtu aliyenunua takataka isiyowaka akaiita mradi. Wiki haikuisha, shangazi akapiga: kuku wa mayai au wa nyama? Na baridi ya huko, nimewawekea taa? Nikasema simu inakwaruza, nikakata.

Nilikata kwa sababu ningesahihisha neno, ningeulizwa gari la nini, na hilo ndilo nililokuwa sitaki kusema.

Baba alikuwa dereva wa meneja wa shamba la mkonge. Gari aliloendesha lilikuwa kama hili hili, jeusi, usukani kushoto. Alilisugua kila asubuhi kuliko alivyowahi kutusugua sisi wanawe. Viti vya nyuma vilikuwa vya meneja, mke wa meneja na mbwa wa meneja. Mtoto wa mfanyakazi hakuruhusiwa kuingia hata kufuta vumbi.

Nilikuwa na miaka tisa. Masika, natoka shule, njia yote ya shamba ni tope, madaftari nimeyaficha chini ya blauzi. Nikasikia gari nyuma yangu. Kugeuka, Baba, yuko peke yake, viti vya nyuma vitupu. Nikasogea pembeni nikasimama, nimekenua meno kama mjinga. Akapita. Hata honi hakupiga. Tope likanirukia mpaka kwenye nyusi.

Jioni alikula ugali wake, akaniuliza kama nimefanya hesabu. Hakuitaja safari ile siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Nilijua angefukuzwa kazi. Nilijua hata nikiwa na miaka tisa. Lakini kujua hakukuniondolea hasira, na niliibeba hasira ile mpaka mvi zikanitoka.

Sasa Baba alikuwa anakuja kututembelea kiangazi, mara moja, na kwa umri wake hakukuwa na mara ya pili. Nilitaka gari liwe linawaka. Nilitaka nimkalishe yeye nyuma, nimzungushe Kenton mpaka Kingsbury kwenye maduka ya Wahindi, halafu nimtazame kwenye kioo nimuulize: Baba, siku ile uliniona? Basi. Jibu lake ndilo nililolitaka, hayo mengine yote ni vyuma.

Nikahangaika nalo miezi minane. Plagi nikabadilisha, betri nikabadilisha. Kabureta niliisafisha kwenye sinki la jikoni, mume wangu akagoma, akala chipsi za dukani wiki nzima. Kilichofufuka ni honi peke yake. Na honi hiyo, weee! Ungedhani inaita meli bandarini. Injini ilikohoa mara moja tu, ikatoa moshi, ikasusa moja kwa moja.

Baba akatua. Suti ya kijivu, kofia, na mkononi mfuko wa plastiki ambao hakumpa mtu amshikie. Ndani mlikuwa na gambuti mpya kabisa.

"Za bandani," akaniambia. "Kuku wako wangapi?"

Njia nzima mume wangu aliuma midomo. Mimi nilitazama dirishani, naona aibu mpaka masikio yananiwaka.

Tulifika nyumbani mvua inanyesha, maana ndicho kiangazi chetu hicho. Nikamwonyesha mradi. Baba akalizunguka polepole, akapitisha kidole kwenye bampa. Nilingoja anitukane.

"Linawaka?"

"Haliwaki, Baba."

"Linataga?"

"Baba!"

Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akavua viatu vyake vya safari, akavaa gambuti. Mimi nikakimbilia mlango wa nyuma nikamfungulia. Haliendi, sawa, lakini atakaa. "Karibu, Baba. Leo wewe ndiye meneja."

Akanitazama kana kwamba nimemvunjia heshima. Akaushika ule mlango, akanisogeza pembeni, akavua kofia, akasimama wima kwenye mvua, mkono mmoja nyuma.

"Ingia," akasema.

"Baba, hapo pana..."

"Ingia, mwanangu."

Nikaingia. Kiti kilikuwa kimekunywa mvua za miaka yote ile. Maji yakapenya sketi, yakapenya chupi, yakatulia humo. Baba akaufunga mlango taratibu, wala haukulia. Kisha akaenda moja kwa moja upande wa kushoto. Mume wangu, kwa miezi yote ile, alikuwa bado anafungua mlango wa kulia akitafuta usukani.

Akakaa, gambuti ndani ya dimbwi la sakafuni, mikono miwili kwenye usukani. Akarekebisha kioo mpaka macho yetu yakakutana.

"Siku ile nilikuona," akasema.

Miaka thelathini nimelibeba swali, naye kalijibu kabla sijaliuliza.

"Nilikuona tangu kwenye daraja," akaendelea. "Ulikuwa umeshika tumbo. Nikadhani unaumwa. Nikapita hivyo hivyo."

"Yalikuwa madaftari, Baba." Nilikuwa nalia, na sikujifuta. "Nilikuwa nayaficha yasilowe."

Akanitazama kwenye kioo. "Na sasa umelowa?"

"Nimelowa chapachapa."

Akaweka kiganja chake kwenye honi, akaibonyeza, akaiacha ilie mpaka majirani wakatoka nje.