Tromboni ya Kubomolea Kuta

Mume wangu, Kyaruzi, ameua majitu mengi kuliko Daudi, na yote ameyaua akiwa amekaa sebuleni kwetu hapa Kamachumu, akila ndizi nilizomenya mimi. Silaha yake ni tromboni.

Mchezo huu aliuleta binti yetu Agnetha, mwalimu wa Bukoba mjini. Kule Kibeta alikopanga, yeye na wenzake hukaa mezani siku za mapumziko, kila mmoja akijifanya shujaa wa nchi isiyokuwepo. Mmoja anasimulia, wengine wanasema watakachofanya, kisha dadu yenye pande ishirini inaamua kama wamefaulu au wameliwa na joka. Watu wazima hao, wenye mishahara. Alipokuja likizo akatufundisha na sisi, akafungua kitabu cha silaha. Humo mna zeze linalorusha mishale, filimbi yenye sumu, ngoma inayoangusha farasi. Mimi nilichagua panga, kwa sababu panga nalijua. Kyaruzi akauliza kama tromboni imo.

"Haimo, taata," Agnetha akamjibu baba yake. "Ila kuna pembe inayobomoa kuta."

"Hiyo hiyo. Ukuta wa Yeriko uliangushwa na nini, panga la mama yako?"

Mtu huyu ana shamba zuri la kahawa na migomba, lakini muulize yeye ni nani, atakwambia ni mpiga tromboni wa kanisa. Alianza akiwa kijana wa kipaimara, yeye na rafiki yake Ishengoma, ambaye siku hizi ndiye kiongozi wa bendi. Amepuliza kwenye harusi na misiba ya tarafa nzima. Hata siku ya harusi yetu, mtu aliyeshika nafasi yake alipokosea wimbo, bwana harusi alishuka kwenye kiti cha heshima, akamnyang'anya tromboni na kupuliza mwenyewe hadi mwisho. Nikabaki peke yangu na keki. Hasira ya siku ile bado ninayo, na sina mpango wa kuiacha.

Kisha meno yakaanza kumtoka. La kwanza lilibaki kwenye muwa. La pili lilikatika alipofungua soda kwa mdomo mbele ya wakwe, akitaka sifa. Akatengenezewa ya bandia, nayo yakamchomoka makaburini katikati ya ubeti wa pili, yakatua kwenye nyasi, na mjane akawa wa kwanza kucheka. Hakuyavaa tena.

Tangu hapo anapuliza kwa mashavu tu. Anavuta na kusukuma mrija, anakunja uso, anatoka jasho, na sauti haitoki hata kidogo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kuhusu mficha pengo hawakusema lolote, ila kanisa zima lilikuwa linajua.

Siku Agnetha alipokuwa akiandika habari za shujaa wa baba yake, Kyaruzi alimwambia, "Andika kwamba ana meno yote." Nilicheka kwa sauti. Halafu nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kwa sababu nampenda mzee yule mjinga.

Jumamosi moja mchana, tukiwa katikati ya vita na jitu la mlimani, Ishengoma akabisha hodi. Nilijua kilichomleta. Jubilei ya usharika ilikuwa inakaribia, tromboni ni mali ya kanisa, na Klaudia fundi cherehani anapuliza vizuri lakini hana chombo. Kyaruzi naye alijua, kwani aliivuta tromboni kutoka pembeni mwa kiti akaipakata.

Lakini kwetu mgeni hatoi neno la maana kabla hajatafuna kahawa. Nikamletea kikapu cha buni. Alipomaliza kutafuna nikaleta ndizi, na alipomaliza ndizi nikaongeza nyingine. Ningemlisha mpaka Jumatatu kama ingesaidia.

"Ma Kokwijuka, nimeshiba," akasema. Akaitazama dadu. "Na hii ni kamari?"

"Kamari ina fedha, Ta Ishengoma," Agnetha akajibu. "Hapa hatuna hata senti. Usikae bure, wewe uwe mfalme. Mfalme amekuja kumnyang'anya shujaa mzee silaha yake. Taata atarusha dadu. Akipata kumi na tano au zaidi, silaha inabaki kwake."

Msichana huyu hana aibu. Tabia hiyo kwangu ndiko alikoitoa. Ishengoma akakohoa, lakini alikuwa amekula ndizi zangu, akakubali kuwa mfalme.

Kyaruzi akarusha. Ishirini.

Tulipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Kyaruzi akasimama, akainua tromboni juu kama mkuki, akaanza ekyebugo, majigambo ya mashujaa mbele ya mfalme kama babu zetu walivyofanya.

"Mimi Nisiyepumua-Katikati-ya-Ubeti! Nilipuliza Kamachumu, mpaka Rubafu wakaamka! Nilipuliza msibani, marehemu akaomba wimbo wa pili! Mimi Niliyemwacha-Bibi-Harusi-na-Keki!"

Ishengoma alicheka hadi machozi. Akapiga goti, akasema, "Mfalme ameshindwa. Silaha ni yako, Ta Kyaruzi." Akachukua kofia yake aondoke mikono mitupu. Angekwenda kumwambia nini mchungaji, sijui.

Hapo ndipo Kyaruzi, kwa furaha, akasahau. Akaiweka tromboni mdomoni, akapuliza.

Ulitoka upepo na mate.

Akajaribu tena. Ukatoka upepo. Hakuna aliyejua pa kutazama. Mimi nilimtazama yeye, kwa sababu ni wangu.

Aliifuta tromboni polepole kwa shati lake, akampa Ishengoma.

"Dadu imekubali, mdomo umekataa," akasema. "Mpe Klaudia. Mwambie mrija unakwama asipoupaka mafuta."

Ishengoma aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake. Alifika mlangoni, akageuka.

"Ngoma kubwa haina mtu. Datius aliyekuwa akiipiga amehamia visiwani kuuza dagaa."

Kyaruzi alikaa, akaitazama mikono yake iliyobaki mitupu, kisha akamgeukia binti yake.

"Agnetha, kwenye kitabu chako, ngoma inaumiza kiasi gani?"

Akafunua kurasa. "Kuliko pembe, taata."

"Kwa mbali?"

"Kwa mbali sana."

Kyaruzi akaitikia kwa kichwa, akavuta sahani ya ndizi karibu.

"Basi mpe shujaa wangu ngoma," akasema. "Na yale meno, yafute. Hatayahitaji."