Kamba Haikatiki

"Huendi kuning'inia kwenye majabali ya ng'ambo!" mkwe wangu, mke wa mwanangu, alimfokea bintiye. Mjukuu wangu akakaza fundo la kamba yake ya kukwea, akalivuta mara tatu. Ndivyo alivyo, hata kamba za viatu huzivuta mara tatu, kwa vidole vigumu kama pembe. Marafiki wanamngoja, ndege ni kesho, na baba yake bado hajakubali.

"Kamba itakukatikia!"

"Ijaribu kwangu, mke mwenzangu," nikamwambia mjukuu. "Nina uzito wa ndovu wawili, mmoja mjamzito."

Akaangua kicheko chake kinene, akanifunga kiunoni na mapajani, akarusha kamba juu ya boriti, akanivuta. Nikapaa mpaka nikasikia malaika wakikoroma!

"Haikatiki, mkwe! Mwache aende, na huyo mumeo niachie mimi, nitam—"

Mlango ukafunguka. Mwanangu akaingia, nyayo zangu zikampungia usoni.